Mkate wa Braksi

Katika Ugiriki ya zamani, mjane aitwaye Filina alikuwa hajamaliza matanga ya mumewe homa ilipomshika bintiye. Mganga akamwambia dawa ni moja tu, maji ya chemchemi ya mlimani. Chemchemi hiyo ililindwa na Braksi, zimwi mwenye jicho moja, aliyekula watu na kuogopa kitu kimoja tu, radi ya mungu Zeu.

Filina aliomba dua, akachukua mtungi, akapanda. Alimkuta Braksi akioka mkate.

"Umejileta mwenyewe," Braksi akasema. "Lakini mama, wewe ni mifupa mitupu."

"Ni kweli, bwana. Tangu msiba sijala vizuri. Ungenilisha kwanza, huenda ningekuwa na ladha."

Braksi akamkalisha karibu na moto, akamkatia mkate na kuupaka asali. "Haya, nenepa."

Filina alikula taratibu, akaokota hata makombo.

"Asante, mwenyeji wangu."

"Mwenyeji wa nani?"

"Wangu. Nimeota moto wako, nimekula mkate wako. Zeu humfanyaje anayemdhuru mgeni aliyemlisha?"

Braksi akatazama juu. Kiwingu kimoja kilikuwa kikipita.

"Humpiga radi," akasema polepole.

"Na mgeni akiaga, huenda mikono mitupu?"

"Hupewa zawadi anayoitaka," akanung'unika, akauchukua mtungi na kwenda kuujaza mwenyewe.

Filina akajitwisha. "Nawe ukipita kwetu, ndugu yangu, usipite bila kula."