Kipamkono cha Mwanaate

Katika zama za Sultani Ghalibu bin Mansabu, mtawala wa mji wa Zarafani wenye kuta za marimari, alikuwako tajiri wa manukato aitwaye Muhsini, mcha Mungu mbele za watu, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko dhamiri yake. Kila alipooa, mkewe alifariki kabla ya fungate kwisha, na kila alipofiwa alizika upesi usiku, pasipo mtu kuiona maiti, na kulia kwa sauti kubwa, na Sultani akamtumia kanzu ya hariri kumfariji. Kanzu zikafika sita, na hakuna aliyeuliza neno.

Mke wa sita alikuwa Thuweba, yatima asiye na jamaa duniani ila dada yake, Mwanaate. Matanga yalipoanuliwa, kasuku wa Thuweba alitua dirishani kwa Mwanaate, akasema kwa sauti ya marehemu, "Dada, kaninyonga kwa mikono yake! Jini wa pete yake ya shaba kanifukia bustanini!"

Mwanaate akambeba kasuku hadi kwa kadhi.

"Binti, kasuku si shahidi," alisema kadhi. "Hata shahada haijui."

"Anaijua, sheikh. Mwambie aitamke."

"Hata akiitamka!"

Mwanaate akarudi nyumbani, akafuta machozi, na tangu hapo hakulia tena. Akamwita kungwi wake, Bi Shuweya, akamtuma kwa Muhsini aseme kwamba dada wa marehemu yu tayari kuolewa.

"Una wazimu, mwanangu?"

"Sina, bibi. Nataka kipamkono changu."

Maana ilikuwa ada ya Zarafani kwamba bwana harusi hamshiki mkewe mkono mpaka ampe zawadi, na zawadi huitaja bibi harusi mwenyewe, na wanawake husikiliza nyuma ya pazia.

Basi Muhsini akaoa, na walipokutana chumbani akauliza kwa madaha, "Sema, mke wangu, nikupe nini? Almasi? Lulu?"

"Hiyo pete ya shaba."

Uso ukamsawijika. "Hii? Hii kutu tu, kipenzi."

Nyuma ya pazia Bi Shuweya akapaza sauti, "Jamani, bwana harusi ananyima kutu!" Na wanawake wakacheka hadi vikuku vikalia.

Muhsini hakuogopa damu, lakini kuitwa bahili aliogopa. Akawaza, nitaivua kidoleni mwake akishakufa, akaitoa. Mwanaate akaisugua papo hapo, na jini Barkashi akatokea, mrefu, mwenye macho kama makaa.

"Labeka, bibi."

"Mshike huyu. Kisha uwafukue wote uliowafukia, kwa adabu."

Asubuhi baraza la Sultani likajaa. Maiti sita zikalazwa chini ya shuka nyeupe. Kadhi akafungua kinywa kusema juu ya ushahidi wa majini, akamwona Barkashi ameinama asigonge dari, akakifunga.

"Maulana," alilia Muhsini, "jini huyu ndiye aliyeniamrisha!"

"Mimi?" Barkashi akaudhika. "Maulana, nimetumikia wafalme, wachawi na mlevi mmoja, na sijapata kusingiziwa hivi. Kuua alikupenda mwenyewe. Mimi alinipa jembe."

Kadhi akahukumu kifo, isipokuwa warithi wa damu wakisamehe. Baba watano wa wale wake wengine wakainamisha vichwa, wakasamehe, wasije mabinti waliobaki wakakosa wachumba kwa fedheha ya kesi ya damu. Akabaki Mwanaate.

Waziri akamnong'oneza, "Samehe, binti. Utapata pepo."

"Pepo nitaiomba mwenyewe. Hapa nadai damu ya Thuweba."

"Mwanaate!" Muhsini akapiga magoti. "Mimi ni mumeo!"

"Ndiyo, bwana. Ndiyo maana nimekuja kukuaga."

Adhuhuri upanga ukashuka. Sultani aligeuza uso, Mwanaate hakugeuza.

Akamwacha huru jini, akawazika wale sita kwa heshima, akakaa eda, maana sheria ni sheria, akarithi fungu lake, maana sheria ni sheria. Eda ilipokwisha, Sultani akamposa.

"Maulana, nimeshaolewa na mtu mkubwa," akajibu. "Safari hii nataka mtu tu."

Akaolewa na mshona matandiko ya farasi, mcheshi, wakaishi kwa raha hadi uzeeni.

Basi uliyesikiliza, usiwaogope majini, kwani hao hufanya waliloagizwa. Waogope wanaosamehe upesi damu ya watoto wao ili jina la nyumba libaki safi.