Vifuniko Viwili, Ufunguo Mmoja

Hapo zamani, na sisemi zamani za mababu, nasema zamani za juzijuzi tu, palikuwa na maabara katika mji mmoja wa milimani wenye baridi. Mkuu wake alikuwa Mwalimu Nyamizi, mama aliyefundisha vijana kutafuta dawa za virusi. Virusi walivyovisaka vilileta homa iliyorudi kila masika, na kila masika watoto walizikwa. Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki kusikia kwamba mtu alikuwa anasinzia.

Mwalimu alikuwa na wanafunzi watatu. Kabula na Lwitiko walitengeneza kemikali mpya na kuzijaribu kwenye seli zenye virusi, ndani ya trei ndogo za plastiki. Mkami kazi yake ilikuwa kurudia majaribio ya wenzake, aone kama majibu yatatoka yale yale. Kazi hiyo haina sifa, lakini yeye aliipenda.

Mwaka huo Mwalimu alikuwa anastaafu. Aliwaambia, "Wanangu, ufunguo huu nitamwachia mmoja wenu awafundishe vijana wajao. Nitampa yule ambaye mkono wake utatuletea dawa."

Maabara ile ilikuwa na desturi moja ambayo mimi naivulia kofia. Kila Ijumaa lilifunguliwa Daftari la Makosa, na kila mtu alisoma kosa lake la wiki kwa sauti. Mwalimu ndiye aliyeanza. "Jumanne nilimkatiza Kabula akieleza jambo la maana," alisoma siku moja, na Kabula akainamisha uso kwa haya.

Basi wakatengeneza, wakajaribu, seli zikafa. Wakatengeneza tena, wakajaribu tena, seli zikafa. Kabula alihangaika miezi saba na kemikali namba kumi na saba, ikatoka nzito, ya rangi ya kahawia, ikiganda chini ya kichupa. Akaandika juu yake "haifai," akaisukuma nyuma kabisa ya friji.

Lwitiko akatengeneza namba arobaini na moja. Alihitaji kitu kisichofaa cha kuilinganisha nacho, akaichukua ile ya Kabula. Aliitoa kwenye friji asubuhi, ikakaa mezani mpaka alasiri. Akajaza trei mbili, kila moja na kemikali yake, akaandika namba kwenye vifuniko.

Kwenye vifuniko, jamani. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza huambiwa aandike kwenye trei yenyewe, kwa sababu kifuniko huhama.

Baada ya siku tatu, trei yenye kifuniko cha namba kumi na saba ilikuwa imekufa yote. Trei yenye kifuniko cha namba arobaini na moja ilikuwa hai, seli zimetulia kama hazijawahi kuugua. Maabara nzima ilipiga vigelegele. Mwalimu akamkumbatia Lwitiko, akalia waziwazi.

Ijumaa ikafika. Lwitiko akasimama, akasoma: "Niliandika kwenye vifuniko. Halafu vikaingia mvuke, nikavivua vyote viwili kuvifuta. Sina uhakika nilivirudisha vipi."

Hakuna aliyekuwa amemwona akivifuta. Angenyamaza, ufunguo ungekuwa wake.

Mwalimu akasema kwa uchungu, "Jibu lenye shaka tunalichoma. Chomeni trei, chomeni na vichupa vyote viwili."

"Mama, samahani," akasema Mkami. "Trei tuchome. Vichupa niachie."

"Utavifanyia nini, mwanangu?"

"Nitarudia."

Akarudia. Aliandika kwenye trei, ubavuni, kwa herufi kubwa. Seli zikafa trei zote mbili. Akarudia, zikafa. Wenzake wakaanza kumtania kwamba amefungua makaburi ya seli. Mara ya nane alikinyanyua kichupa cha Kabula kwenye mwanga, akaona dawa yote imelala chini kama machicha, maana alikuwa akiitumia ikiwa baridi, moja kwa moja kutoka kwenye friji. Akaipasha joto kiganjani, akaitikisa mpaka ikawa laini. Mara ya tisa, seli za namba arobaini na moja zikafa. Za namba kumi na saba zikaishi.

Akarudia mara sita zaidi, kwa sababu ndiye Mkami. Zikaishi mara zote sita.

Siku ya Mwalimu kuaga, aliuweka ufunguo mezani. "Haya, semeni wenyewe."

Kabula akasema, "Mwalimu, uliahidi mkono ulioleta dawa. Ile dawa haikuwapo duniani mpaka nilipoitengeneza. Niliikatia tamaa, kweli, lakini sikuimwaga."

Lwitiko akasema, "Naona aibu kudai, ila nadai. Dada Kabula aliitupa nyuma ya friji, mimi nikaitoa. Na ningefunga mdomo, leo tungekuwa tunawapa wagonjwa namba arobaini na moja, nao wanakufa."

"Kosa lilikuwa lako, kaka," Kabula akamkumbusha.

"Lilikuwa langu. Na nililisoma."

Mkami akasema, "Mimi sikubuni chochote. Lakini mlikuwa mnaichoma. Wewe pia, Mama, uniwie radhi, ulikuwa unaichoma."

Mwalimu Nyamizi akalivuta Daftari la Makosa, akaandika neno la mwisho kwa mkono wake: "Nilitaka kuichoma." Kisha akalifunga, ufunguo asiuguse. Mimi nawapenda wote watatu, na nimeshagombana na dada yangu mara mbili juu yao. Yeye anasema ni Kabula na hataki kusikia mwingine.

Na nje ya mlango walikuwa wamesimama vijana wapya wanne, makoti meupe bado yana mikunjo ya dukani, wakisubiri wafunguliwe. Atakayewafungulia ndiye watakayemuiga: kutengeneza kama Kabula, kukiri kama Lwitiko, au kurudia kama Mkami. Masika nayo hayako mbali.

Ufunguo uko mezani, ni mmoja. Ninyi mliosikiliza, niambieni: nani auchukue?