Mwito Uliobaki Kwenye Diski

Hapo zamani, si zile za fisi kusema, ni hizi za kompyuta zenye migongo mikubwa, karani mmoja, Bi Msimu, alirekodi sauti yake kwenye diski. Alichosema hakumwambia mtu. Baadaye akaugua.

Siku ya kufa kwake alimwita binti yake mkubwa, Tunu, kutoka chumbani. Tunu, aliyekuwa uani, alisikia. Lakini bibi yake alikuwa amemfunza: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, huenda si mtu. Akanyamaza. Alipoingia, mama amekwisha. Jambo hilo lilimchoma maisha yake yote.

Akaitunza ile diski kashani, mbali na unyevu. Miaka ikapita, kompyuta mpya zikawa hazina hata mdomo wa kuipokea. Basi mdogo wake, Shomari, akatafuta kisomeo cha kale cha diski, akakifufua. Kikasoma, kompyuta isielewe kitu. Basi Hidaya, kitinda mimba, aliyeachwa akinyonya, akaandika programu ya kuifasiria.

Wakaitia diski. Ikakwaruza, ikakwaruza. Kisha mama akasema, "Mwanangu."

Wakasikia pumzi.

"Mwanangu, itika. Nawaona mko watatu. Aitike mmoja tu, nipumzike."

 Siku aliyorekodi, Hidaya hakuwa hata tumboni.

Hidaya akanakili upesi. Nakala ikatoka na pumzi tupu. Shomari akaichomoa diski, akaona unga wa kahawia umemwagika. "Imelika," akasema. "Imebaki kusomeka mara moja tu."

Tunu akasema, "Nitaitika mimi. Mimi ndiye niliyeitwa nikanyamaza. Tena nisingeitunza, mngesoma nini?"

"Dada, ungeitunza hata kiama," akasema Shomari. "Nani aliyeipa mdomo?"

Hidaya alikuwa analia. "Bila mimi mngesikia mikwaruzo tu. Na ninyi mlimsikia mama mkiwa na akili zenu. Mimi sikumbuki kuitwa 'mwanangu' hata siku moja."

Wakaitia diski mara ya mwisho.

"Mwanangu?"

Tunu alikuwa na "abee" kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama Shomari, akamtazama Hidaya. Diski ikaanza kupunguza mwendo.

"Mwanangu?"

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinikodolee macho, diski inasimama: kati ya watatu hawa, nani alistahili kuitika?