Kivuli Kilichogusa Jiwe la Shauri

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, zama zile vivuli vilipokuwa na kazi, palikuwa na nchi pana yenye kisima kimoja tu. Sogeeni karibu. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, mwenzako apate mahali.

Nasema vivuli vilikuwa na kazi. Katikati ya nchi ile lilisimama Jiwe la Shauri, jeupe kama maziwa, na upande jua linakotokea palikuwa na tuta la mchanga. Mwenye neno alipanda juu ya tuta akasimama. Kivuli chake kikigusa Jiwe, neno lake lilikuwa sheria ya nchi nzima. Kisipogusa, alishuka akaenda zake, na hakuna aliyemuuliza alitaka kusema nini.

Sasa baraza liliitwa wakati gani? Jua likishapanda, vivuli vikisharudi miguuni kwa wenyewe. Wakati huo ni kivuli cha Tembo kilichofika. Cha Twiga nacho kilifika, lakini Twiga hana maneno, mnamjua.

Basi Tembo ndiye aliyekuwa Mzee wa nchi, na sheria yake ya maji ilikuwa fupi: wazito kwanza. Asubuhi alishuka kisimani yeye na watu wake. Wakafuata Nyati, kundi zima, puu, puu, puu. Wadogo waliposhuka walikuta tope zito kama ugali, na maji yamebaki kwenye nyayo tu.

Palikuwa na mama mmoja, Mama Kwale, ndege wa chini mwenye miguu myekundu. Kiangazi kilichopita alipeleka vifaranga wake kisimani, mmoja akanasa kwenye tope. Mama akavuta, akavuta. Hakutoka. Na kiangazi hiki kilikuwa kikali kuliko kile, na kifaranga pekee aliyembakia, Nyamvua, alikuwa ameanza kufungua mdomo bila sauti kutoka.

Jirani yake alikuwa Bwana Sange. Sange mnamjua? Kanyama kadogo, mwili kama wa panya, pua ndefu inachezacheza kama kamkonga. Sange ana desturi moja: kabla ya jua kutoka hufagia njia zake zote, jani moja asiliache, ili akikimbia asijikwae. Chaka-chaka, chaka-chaka, mbio huku akifagia.

Asubuhi moja, jua likichungulia mgongoni kwake na ukungu umelala chini kama shuka, Sange aliinua kichwa, akaona mtu mrefu amelala mbele yake njiani. Ana pua ndefu mno. Akasimama. Yule naye akasimama. Akatikisa pua, na yule akatikisa.

"Kumbe ni mimi," akasema Sange. Akakitazama kivuli chake kilivyopita kichaka, kikapita kichuguu, kikakonda kama uzi, kikaishia. Akacheka peke yake. Kisha akamkumbuka Nyamvua, akaacha kucheka, akaenda kumgongea Mama Kwale.

"Jirani, hodi."

"Karibu, jirani. Sina hata maji ya kukukaribisha."

"Hayo hayo ndiyo yaliyonileta."

Wakawatuma chiriku kila pembe ya nchi, kwenye majabali, kwenye mabwawa yaliyokauka, kwenye misitu ya juu, wawaite wadogo wote. Na wadogo wa nchi ile hawakuwa wajinga, msidhani. Kila kabila lilikuwa na chama chake. Tatizo ni kwamba kila chama kilikwenda kwa Tembo peke yake, kila mwaka, kikapanda tuta, kikashuka.

Wakafika nyumbani kwa Sange. Mkewe akawapikia uji wa mbegu, na kabla uji haujapoa ugomvi ulikuwa umeshaiva.

Chura akasafisha koo. "Mimi ni Mwenyekiti wa Vyura wa Mabwawa Yote. Hoja yetu ni moja. Mvua zikirudi, Tembo asioge kwenye mabwawa yetu."

"Kaa chini, Mwenyekiti," akasema Pimbi, ambaye huishi mapangoni. "Nyinyi mnaogewa tu. Sisi chui analala sebuleni kwetu. Hoja ya kwanza ni mapango."

"Na miti yetu anayoing'oa?" akauliza Kindi. "Mimi mama mkwe wangu sasa hivi analala kwa jirani."

"Mama mkwe wako kulala kwa jirani si msiba, ni bahati," akajibu Pimbi.

Wakacheka, wakagombana, wakacheka tena. Mama Kwale alikuwa amekaa pembeni amemfunika Nyamvua kwa bawa. Lakini yule kifaranga alitoka chini ya bawa, akatembea polepole kama mtu anayetembea ndotoni, akamwendea Pimbi. Pimbi alikuwa ametoka majabalini usiku ule, na umande ulikuwa bado umemkaa kwenye ndevu. Nyamvua akanyoosha shingo, akanywa tone kwenye ndevu za Pimbi. Akanywa na la pili. Halafu akasinzia hapo hapo kifuani kwake.

Pimbi alikaa vile vile, anaogopa hata kupumua.

"Sange," akasema kwa sauti ndogo, "mapango yangu yatakumbukwa lini?"

"Baraza lijalo tutapanda tuta tena sote pamoja, na hoja itakuwa yako."

"Hata vyura watapanda kwa ajili ya mapango yangu?"

Wote wakamtazama Chura. "Tutapanda," akasema. "Lakini wewe nawe uje kwa ajili ya mabwawa."

"Nitakuja."

"Basi safari hii tuseme maji," akasema Sange. "Maji tu. Ukitaja jingine, Tembo atachagua lililo jepesi kwake."

Wakakubaliana. Sange akajifuta uji puani, akaenda kwa Tembo.

Alimkuta amesimama anajipulizia vumbi mgongoni, na Nyati mlangoni kama askari.

"Shikamoo, babu."

Tembo akatafuta huku na huku. "Nani ananiita babu?"

"Huku chini. Mjukuu wako Sange. Si unaiona pua? Ukoo mmoja huu."

Nyati akakohoa kicheko. Tembo naye akatabasamu, maana hakuna mkubwa asiyependa kufananishwa. "Marahaba. Unataka nini, mjukuu?"

"Sitaki kitu. Nimekuja na masikitiko. Wageni wamefika kutoka pembe zote za nchi, na wanasema kivuli cha Mzee ni kifupi."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Kifupi?"

"Wanasema kinafika kwenye Jiwe, basi, kinachoka. Mimi nikawaambia, nyinyi mmekiona kikiwa kimeshakunjwa. Babu akisimama kwenye tuta jua likichungulia tu, kivuli chake kitapita Jiwe, kitapita bonde, kitapanda mlima wa pili. Wakanicheka."

"Walikucheka?"

"Mpaka wakakaa chini."

Tembo akavuta pumzi ndefu, fuuu, majani yakapeperuka. "Nyati, tangaza. Baraza ni kesho, jua likichungulia."

"Mzee," akasema Nyati, "baraza la alfajiri halijawahi kuwapo."

"Na mimi sijawahi kuitwa mfupi."

Kesho yake, giza lilikuwa linaondoka taratibu kama mgeni asiyetaka kuamsha watu. Ukungu bondeni, anga rangi ya ganda la yai. Tembo akapanda tuta. Jua likachungulia, na lo, kivuli kikamtoka miguuni, kikalala juu ya Jiwe, kikashuka bonde, kikapanda mlima wa pili, mkonga wake ukagusa kilele. Nchi nzima ikageuka kukitazama. Tembo mwenyewe alijitazama kama mtu anayeota.

"Wageni hawajui mila yetu, babu," Sange akamwambia kwa upole. "Waambie kwa kinywa chako, waende nayo kwao."

Tembo akapaza sauti mpaka mlima ukamjibu. "Sikieni. Kivuli kikigusa Jiwe la Shauri, neno la mwenye kivuli ni sheria, na mimi nitakuwa wa kwanza kuitii."

"Ahsante, babu. Basi shuka kidogo, na sisi tujaribu."

Tembo akashuka huku anacheka. Nyati naye akacheka. Wadogo wakapanda tuta, tapu-tapu, tapu-tapu, wengi mpaka mchanga hauonekani. Pimbi wakakaa chini kuwa msingi, sungura juu ya pimbi, kindi juu ya sungura. Lakini walipofika juu mambo yakaharibika.

"Kichwani nakaa mimi," akasema Chura. "Mimi ni Mwenyekiti."

"Wewe unateleza," akasema Kindi. "Nitakaa mimi, nina mkia."

"Mkia wa nini barazani?"

Wakasukumana. Kwenye mchanga kivuli chao kilitapatapa, mara kipana, mara kina masikio kumi, na jua linapanda, na kivuli kinarudi nyuma. Ncha yake ilikuwa imebakiza kidogo tu kufika kwenye Jiwe, tena inazidi kurudi.

"Muda wenu unaisha," akaita Nyati.

Sange alitazama juu, akaona wote wanaotaka kichwa. Akatazama chini, akamwona asiyekitaka. "Mama Kwale," akasema, "nipe mwanao."

Mama Kwale akasita. Lundo lile lilikuwa refu na linayumba, na yule ndiye aliyebaki. Kisha akamtoa bawani.

Pimbi akampokea Nyamvua, akampa Sungura, Sungura akampa Kindi. Kindi akamtazama Chura. Chura akashusha pumzi, akainama. "Nipande mimi, mwanangu," akasema. "Shika kwenye macho, usiogope, hayaumi."

Nyamvua akasimama juu ya kichwa cha Mwenyekiti. Akanyoosha shingo. Na chini kule kivuli kikawa kimoja, kikubwa, kama mlima uliolala usingizi, na kileleni kijidomo kidogo kimefunguka. Kijidomo kile kikaligusa Jiwe.

Nyati akaruka. "Kivuli cha nani hiki?"

"Chetu," wakajibu.

"Mzee, huu ni ujanja. Huyu si mtu mmoja."

"Mila imesema kivuli," akasema Sange. "Haikuuliza miili mingapi. Babu akikikataa hiki, sisi tutarudi kwetu, lakini vivuli vitakuwa havina kazi tena. Hata kile kilichopanda mlima wa pili."

Tembo akatazama mlima wa pili. Akatazama Jiwe. Mkonga ukamning'inia. "Semeni," akasema mwishowe. "Mnataka nini?"

Hapo, wajukuu zangu, ndipo palipokuwa pagumu kuliko kupanda. Maana Pimbi alikuwa na mapango yake mdomoni, na Kindi miti yake, na Chura mabwawa yake, na kila mmoja alijua akipiga kelele sasa atasikika. Mtetemo ulipita lundo zima. Kila mmoja akameza lake.

Kimya kile kikafika juu kabisa. Nyamvua akafungua mdomo, na safari hii sauti ikatoka, nyembamba, imekwaruza.

"Maji," akasema. "Kabla ya miguu."

Tembo alikitazama kile kitoto juu ya kichwa cha Chura. "Wadogo watakunywa kwanza," akasema. "Sisi wazito tutangoja jua lishike migongo yetu. Ndiyo sheria." Kisha akamgeukia Sange. "Mjukuu, umenipata."

"Nimekuonyesha urefu wako tu, babu."

"Na wao?"

"Na wao pia wamejiona."

Nyati akanung'unika, lakini akaondoka njiani. Wadogo wakashuka kisimani pamoja, na maji yalikuwa yametulia, hayajaguswa na mtu, anga yote imo ndani pamoja na mawingu yake. Nyamvua akasimama ukingoni akashangaa, maana hakuwahi kujua kwamba maji yana rangi hiyo. Mama yake akamsogeza kwa mdomo, taratibu. Akainamisha kichwa akanywa wingu moja, akanywa la pili.

Mimi nimewafikisha kisimani, wajukuu, sasa kalaleni. Na neno lake ni hili: wadogo wakikubali kuwa mwili mmoja, mkubwa atawapisha njia.