Somo wa Mlangoni

Tegeni masikio, ngano inapita. Na ipite tuione.

Shekue alioa, lakini mwili ukamgomea kitandani. Kila jioni somo, mwanamke aliyemfunda bibi harusi tangu alipovunja ungo, aliuliza nje ya mlango kwa sauti ya karani, "Taarifa tayari?"

"Kesho," Shekue alijibu. Jioni ya pili sauti ikawa nzito. "Kesho." Ya tatu, mlango ukatoka jasho.

Shekue akamwambia mkewe, "Mwanahija, siwezi. Namwogopa somo yako."

"Somo yangu tulimzika kabla ya posa."

Wakashikana mikono, wakafungua. Palikuwa na kanga iliyosimama bila mtu ndani.

"Bado," Shekue akaiambia. "Tukiwa tayari, tutajua sisi wawili."

Kanga ikaanguka. Siku zikapita, na mwili, kwa kuwa hakuna aliyeuulizia, ukaacha mgomo wenyewe. Hapo msimulizi mwenye adabu hunyamaza.