Kikapu cha Bibi Namkunda

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti au mbuzi kakohoa? Paukwa!

Pakawaaa!

Sasa nasikia watu. Kaeni sawa. Na wewe wa nyuma, funga mdomo, nzi nao wanatafuta pa kukaa.

Hapo zamani za kale, kabla kanisa la kijiji halijaonja bati, alikuwepo bibi mmoja, Namkunda. Mfupi! Lakini akipita, njia inajua kapita nani. Aliishi na Nakijwa, mke wa mwanawe, pamoja na wajukuu waliokula kama wametumwa.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Jumapili ya malimbuko, kila nyumba ilipeleka kikapu kanisani kumshukuru Mungu kwa mavuno. Vikapu vilifunikwa majani ya mgomba, vikaingia ghala la kanisa. Na chini ya majani? Msiniulize! Muhogo uliogoma kuiva. Maharage ambayo panya aliyanusa akasema asante, nimeshiba. Kuku mgonjwa wa kideri, anasinzia hata kabla ya mahubiri. Mungu alivumilia.

Bibi Namkunda, hapana. Yeye alitoa mahindi ya mbegu, yale yaliyoning'inia juu ya mafiga yakila moshi, meusi kwa masizi, punje zake nzima kama meno ya mtoto. Mwaka ule akashusha nusu nzima.

"Mama," Nakijwa akasema, "mvua ikitudanganya tutapanda nini? Watoto watakula nini?"

"Mungu alinipa punje hai, mwanangu. Nimrudishie maiti?"

Nakijwa akakubali kwa mdomo. Moyo haukukubali. Alfajiri, Bibi akiwa anaoga, akayarudisha mahindi mazuri juu ya mafiga. Kikapu akakijaza yaliyobunguliwa na fukusi. Akafunika majani. Majani mazuri hayo, yamepangwa kama ukili! "Mungu ataona," akajiambia, "lakini Mungu si mmbea kama majirani."

Haya, kanisani. Bibi Namkunda akasimama, kifua mbele.

"Mwinjilisti, mwaka huu shukrani yangu haitaki majani. Namwaga mkekani, watu waone Bwana alivyonitendea!"

"Mwaga, Bibi, mwaga!" kanisa likaitikia.

Nakijwa akataka kupiga kelele. Kachelewa!

Bibi akainua. Bibi akapindua. Puku-puku-puku! Vumbi! Fukusi wakashuka mkekani, wakashika njia kuelekea miguu ya mwinjilisti.

"Bibi Namkunda!" akapaza sauti Mzee Sengasu, jirani mwenye mdomo usio na mlango. "Umemletea Mungu mifugo!"

Kanisa likacheka hadi nguzo zikatikisika.

Bibi akakitazama kikapu. Akamtazama Nakijwa. Kisha akasema, "Kikapu ni cha nyumba yangu, na aibu ni yangu. Nisubirini."

Akatoka. Nakijwa akamkimbilia, tifu-tifu-tifu, akamfikia mteremkoni, machozi yanamtoka.

"Ni mimi, mama."

"Najua. Fukusi hawapangi majani vizuri vile. Uliogopa njaa?"

"Niliogopa, mama."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Kila mwaka. Ndiyo maana natoa mapema, kabla woga haujaamka."

Nakijwa akafika jikoni, akaparamia mwenyewe, akashusha mwenyewe, akajitwika mwenyewe. Waliporudi, kanisa lilikuwa limeimba wimbo uleule hadi sauti zimekauka.

"Mwaga, mwanangu," Bibi akasema.

Kwara-kwara-kwara! Mahindi mazima, meusi kwa masizi, yakajaa mkeka. Mzee Sengasu akaanza kuhesabu fito za paa.

Bibi akavigeukia vikapu vingine, anatabasamu. "Sasa tufunue na vya wenzetu. Tuanze na cha Mzee Sengasu."

Weee! Mzee Sengasu kakumbuka kaacha moto unawaka. Huyu tumbo limemkata. Yule kasahau mtoto, na mtoto yuko mgongoni! Kila mtu kikapu kichwani, mbio nyumbani. Kanisani wakabaki Bibi, Nakijwa, mwinjilisti, na kuku wa kideri, ambaye hakuwa na nguvu za kukimbia.

Wakarudi wanahema, vikapu wazi. Wakamwaga mahindi ya mbegu. Wakamwaga kunde. Mzee Sengasu akaleta mpaka jogoo wake wa kumwamsha. Ghala likajaa kwelikweli.

Mvua ikaja. Watu wakapanda. Mvua ikaaga! Miche ikachungulia, ikakauka. Mvua ya kweli ilipofika, hakuna nyumba yenye punje. Juu ya mafiga ya Nakijwa ulining'inia moshi peke yake, na watoto wanamtazama.

Ndipo ngoma ya kanisa ikalia, ndu-ndu-ndu! Mwinjilisti kafungua ghala. Kila nyumba ikapewa mbegu, nzima, hai.

"Mngeniachia vile vikapu vya kwanza," akasema, "leo ningewagawia fukusi mkapande."

Nakijwa akapokea mahindi yake, yaleyale ya masizi, akayakumbatia kama mtoto aliyepotea akapatikana. "Mama," akasema, "yametutangulia."

Wakapanda, wakavuna. Tangu hapo kijiji kile hakifuniki kikapu cha Mungu, na wanajivunia, mpaka wageni wanachoka kusimuliwa! Bibi Namkunda alishalala, apumzike kwa amani. Siku hizi Nakijwa ndiye bibi, na ndiye anayemwaga wa kwanza, kifua mbele, kijiji kikiitikia: "Mwaga, Bibi, mwaga!"

Basi ndugu zangu, vyote tulivyo navyo tumewekewa mkononi na Mungu. Ukimrudishia, mrudishie kile ambacho ungekificha.

Nami hadithi yangu nimeimwaga yote hapo, bila majani.