Fisi Aliyelitaka Jina la Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia kwa sauti nzito? Aa, ni wewe. Sogea nikuone vizuri.

Hapo kale palikuwa na Pimbi, mama wa watoto wanne, akikaa mwambani. Kiangazi kilikuwa kikali, chakula kimebaki ghalani tu, na mlinzi wa ghala ni Kobe, mzee asiyeona. Mtu hutaja jina lake la siri, lile alilopewa na bibi yake siku ya kuzaliwa, Kobe akampimia mtama wa mwezi. Lakini aliye zamu huchimba kisima kwanza. Zamu ilikuwa ya Pimbi, na maskini kucha zake zilikuwa zimekwisha. Watoto wanalia njaa, mama hajui la kufanya.

Asubuhi, ko ko ko!

"Nani?"

"Karani wa ghala. Taja jina lako la siri, tunasahihisha daftari."

Pimbi akachungulia. Kofia ya karani, meno ya Fisi.

"Karani mzima hulijui jina langu?"

"Limefutwa na mvua."

"Mvua gani, kiangazi hiki?"

Fisi akakohoa. "Wabisha? Usipolitaja, watoto wako hawapati hata punje!"

Pimbi akazitazama kucha zake zilizokwisha. Kisha akatabasamu.

"Usikasirike, mheshimiwa. Naitwa Kidawa wa Jabalini."

Fisi huyoo, mbio hadi ghalani. Akaibana sauti: "Shikamoo, babu. Ni mimi, Kidawa wa Jabalini. Nimefuata mtama."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo zamu yako. Jembe hilo."

Fisi akalishika jembe. Akachimba, chwa! chwa! Akachimba, malengelenge yakamtoka. Akachimba, maji yakabubujika.

"Mtama sasa!"

"Geuka nikupapase kwanza."

Fisi hakulijua hilo, maana hajashika zamu tangu azaliwe. Kobe akapapasa mgongo, akashuka, akashuka.

"Lo! Tangu lini pimbi ana mkia?"

Akaung'ata, kacha! Fisi akatimka akilia uwiii, kofia kaiacha kisimani.

Pimbi akatokea na kikapu. "Shikamoo, babu. Nipapase. Zamu yangu imeshachimbwa."

Akapimiwa mtama pomoni, na siku hiyo watoto walishiba.

Basi wanangu, msimpe mtu majina yenu ya siri, hata siku moja. Labda muwe na kisima cha kuchimba.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Tamu bebeni, chungu niachieni.

Na wewe mwenye sauti nzito, tangu ulipofika waniuliza jina nililopewa na bibi yangu mzaa mama. Hebu geuka nikupapase.